Vikongwe wa Kichuguuni

Kitabu chenyewe nilikichukia kabla sijajua kina nini ndani. Kilifika nyumbani kwetu Chemchem kikiwa kwenye flashi. Mume wangu akakiprinti pale Gongoni, jirani na duka langu, ukurasa kwa ukurasa na picha zake zote, akakifunga kwa springi, akakitua juu ya meza ya chakula kama amenunua Biblia mpya. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za harusi na za kwaya, na meza ile ndiyo ninayokatia vitambaa nikileta kazi nyumbani. Nikamwambia akitoe. Akasema, "Subiri kwanza nikuoneshe." Basi akanionesha, na kuanzia hapo nikakichukia nikiwa na sababu.

Mume wangu anafundisha historia sekondari. Si mlevi, si mhuni, na Jumapili tunakwenda Moravian wote wawili. Ila ana ugonjwa wa kupenda vitu vipya, na mwaka ule ugonjwa ulikuwa gemu hili. Si gemu la kwenye simu. Watu wanakaa mezani, mmoja anakuwa msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki ana mtu wake wa kubuni: huyu shujaa wa upanga, yule mganga, yule mwizi mwenye roho nzuri. Msimulizi anasema mmefika mtoni, daraja limevunjika, mnafanyaje? Wao wanasema wanachofanya, wanarusha dadu yenye pande nyingi, dadu ndiyo inaamua kama wamefaulu. Hakuna ubao, hakuna karata, ni maneno tu. Watu wazima na ndevu zao wanakaa mchana kutwa wanasemezana, na jioni wanaandika kwenye karatasi kwamba sasa wana nguvu zaidi.

Maneno sina ugomvi nayo. Na mimi nimelelewa na hadithi za fisi na sungura, na mazimwi yenye jicho kisogoni. Ugomvi wangu ulianza kwenye sura ya viumbe wa kuua.

Hawakuwa wanyama, kwamba labda simba ana njaa. Walikuwa watu. Wana vijiji, wana watoto, wanapika, wana lugha yao. Lakini pembeni ya kila picha kitabu kimeandika tabia ya kabila zima kwa herufi nene: wakatili, waongo, wavivu, waovu kwa asili yao. Kuna kabila la wenye meno yaliyochongwa. Kuna kabila la wenye mabega mapana kuliko akili, kazi yao kubeba mizigo ya wafanyabiashara mpaka wafe, na kitabu kinasema hawasikii maumivu. Na nchi yao unaijua tu bila kuambiwa: joto, vumbi, miti ya miiba, ngoma zinalia mahali usipopaona, mafuvu yametundikwa njiani. Mashujaa wanatoka kwenye nchi yenye mvua na makanisa ya mawe, wanakuja kuua huku, wanachukua mali, wanarudi kwao. Wanasifiwa.

"Mwalimu," nikamwambia. Nikiwa na hasira namwita Mwalimu. "Huyu mwenye mabega unamjua?"

"Ni kiumbe wa kubuni tu, mke wangu."

"Kabuniwa na nani?"

"Sijui. Wazungu huko."

"Haya, na hao wazungu huko walimwona wapi mtu anapita nyikani na mzigo kichwani mpaka anaanguka? Walimwota?"

Akakifunga kitabu. Ni Mnyamwezi wa Urambo huyo. Baba wa babu yake alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, na habari hiyo anawasimulia wanafunzi wake kila mwaka kifua mbele. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na pengo la kuchongwa katikati ya meno ya juu. Ulikuwa urembo wa wasichana wa enzi zake, akicheka unatamani aendelee. Kumbe kuna mtu mahali amekaa kitako akaandika kwamba mwenye meno ya kuchongwa muue kwanza, maswali baadaye! Nikasema yote hayo, na sauti yangu si ndogo.

Akakubali kwamba nina hoja. Hiyo ndiyo kawaida yake: anakubali hoja, halafu anafanya alichokusudia. Akasema atalitohoa gemu lote liwe la kwetu. Mashujaa wawe wapagazi wa Kinyamwezi, njia iwe ile njia ya misafara inayokatiza hapa Tabora, na wale waovu wa nyikani atawafuta. Nikafurahi kidogo, mjinga mimi. Sikuuliza ataweka nani mahali pao. Gemu lile bila mtu wa kuuawa haliendi, kama cherehani bila sindano.

Wachezaji walikuwa watatu: mwalimu mwenzake wa hisabati, fundi simu wa pale Gongoni, na karani wa mahakama. Walikuja kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, wakakaa kwenye kibaraza cha pembeni ambacho tumekiezekea bati. "Shemeji, shikamoo chai," wananiambia, wakinitania. Nawajibu, "Marahaba, leteni sukari." Tulikuwa tunaelewana wakati huo.

Kisha mama yangu akaja.

Mama ni mkulima wa huko Bukene, si pale kituoni treni inaposimama, ni ndani kidogo. Alikuwa mjane wa siku nyingi, analima mpunga na karanga, na alikuwa amesema hatoki kwenye mji wake mpaka atolewe kwenye jeneza. Ana macho mekundu. Nalisema wazi kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Ni macho ya kila mwanamke wa kule aliyepika miaka yote kwenye kijumba kisicho na dirisha, anapuliza moto wa mavi ya ng'ombe yaliyokauka na miti ya pamba, kwa sababu kuni hakuna. Moshi unakula jicho pole pole. Mzee yeyote wa Nzega au Igunga anajua hivyo, na bado mtu akifa ghafla, watu wanaanza kutazamana machoni wakimtafuta mchawi.

Akafa mtoto wa jirani. Malaria, nadhani, walichelewa hospitali. Mama alikwenda msibani na unga wake kichwani kama desturi, na watoto waliokuwa njiani hawakumwamkia. Siku ya pili hawakumwamkia wakubwa. Kijijini kwetu hata mwizi unamwamkia, ukishamkamata ndiyo unampiga. Mama akajua. Wiki iliyofuata mbwa wake alikutwa kizingitini amekatwa panga, na mwaka uliotangulia kikongwe wa kitongoji cha pili alikuwa amekatwa hivyo hivyo, siye mbwa, yeye mwenyewe, ndani ya nyumba yake. Nikapanda treni siku hiyo hiyo nikamfuata. Alifunga mlango kwa kufuli akaniambia, "Wameniuliza chochote? Hawajaniuliza."

Basi akakaa kwangu, kwenye chumba cha nyuma, na mimi nilikuwa na jambo moja tu duniani: mama asirudi Bukene. Nilitaka azeeke kwangu, afe kwa maradhi kama watu. Kila asubuhi nilimtazama kama ameshafungua furushi lake. Lilikaa muda mrefu limefungwa, chini ya kitanda. Kisha siku moja nikakuta kanga zake zimetundikwa msumarini na kitabu chake cha Tenzi kiko dirishani, nikaenda dukani naimba.

Sasa, kwetu mama wa mke na mume wa binti hawaonani ovyo. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Ni heshima, si uadui. Wengi wa mjini wameacha, lakini mume wangu ni mtu wa mila kwa vile ni mtu wa historia, na mama hakuwa wa kumwachia. Mume wangu akitaka kupita ukumbini alikohoa kwanza, mama akaingia chumbani. Mama akienda kuoga aligonga ndoo, na mwalimu mzima wa sekondari akakimbilia jikoni kujificha. Salamu zilipita kwangu. "Mwambie mama shikamoo." "Mwambie marahaba, ameshindaje huko shuleni?" Wote wawili wakisikiana vizuri kabisa, ukuta mmoja katikati. Nilicheka sana siku hizo.

Jumamosi ndiyo ilikuwa ngumu. Dirisha la chumba chake linatazama kile kibaraza. Wanaume wakikaa pale, yeye alivuta pazia, akalala au akasoma, hatoki mpaka waondoke. Hakuwahi kuona karatasi zao wala dadu. Alisikia sauti tu. Aliwahi kuniuliza wale wakwe wanafanya nini, nikamwambia wanazungumza, ni mambo yao ya shule. Hivi mtu unaanzaje kumweleza mkulima wa Bukene gemu lile? Mimi mwenyewe nilikuwa silielewi nusu yake.

Siku moja nikiwa nafua nikasikia kiumbe kipya. Kwenye kitabu cha wazungu kulikuwa na vikongwe wa kwenye mabwawa, kabila zima la wanawake wazee, macho kama makaa, wanazaliwa wabaya na wanakufa wabaya. Mume wangu alikuwa amewafuta wenye mabega na wenye meno, akawaacha hawa. Aliwahamishia kwenye vichuguu vya njia ya msafara. Vikongwe wa Kichuguuni. Macho mekundu, wanafunga mvua, wanaua watoto kwa kuwatazama. Mashujaa wakimuua mmoja wanapata nguvu mara dufu.

Niliacha nguo majini. Usiku huo tuligombana kwa kunong'ona, maana mama alikuwa amelala, na kugombana kwa kunong'ona kunachosha kuliko kupiga kelele.

"Una wazimu?" nikamwambia. "Na mama yuko humu ndani?"

"Mama haji kule. Hajui tunachocheza."

"Kwa hiyo heshima yake ndiyo unayoitumia kumsema?"

"Simsemi yeye. Ni ngano, mke wangu. Hata bibi yako alikusimulia zimwi."

"Zimwi la bibi yangu lilikuwa limemmeza mtu! Lilifanya kitu! Wako wamefanya nini?"

Akafikiri. Nikamwona anafikiri kweli, kama mwalimu aliyeulizwa swali na mwanafunzi wa nyuma. "Ni asili yao," akasema. "Gemu linahitaji adui ambaye huhitaji kumhurumia, la sivyo watu hawachezi, wanakaa wanajadiliana."

Nilimtazama mtu aliyenioa. Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe. Mzungu aliyetuandika vile hakuwa anatujua, alikaa kwao huko akaunganisha uongo aliousikia. Huyu wangu alikuwa amekwenda stesheni na mimi kumpokea mama. Alikuwa amelibeba furushi lake, akitembea hatua kadhaa mbele ili wasitazamane. Alijua kwa nini amekuja. Ndiye aliyeniambia mimi kwamba mauaji haya ni aibu ya mkoa. Halafu akaona macho mekundu yanafaa kwa mchezo! Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Nikamwambia hivyo, na nikamwambia kikongwe yeyote akisikika tena kwenye kibaraza changu, gemu litaishia jalalani na yeye atalala ukumbini.

Akaapa atabadilisha. Aliweka na mkono kifuani.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na sare za harusi za kumaliza, nikashinda dukani. Niliporudi jua bado lilikuwa juu kidogo, na nikawasikia toka getini wanacheka, wamefungua soda, wanagongeshana viganja. Fundi simu alikuwa amesimama juu ya kiti. "Shemeji!" akaniita. "Leo umekosa! Leo tumemmaliza!"

Nilipita ndani kumwangalia mama. Mlango wa chumba chake ulikuwa umerudishiwa. Kitanda kimetandikwa vizuri, shuka limekunjwa pembe kwa pembe. Msumarini hapakuwa na kanga. Dirishani hapakuwa na Tenzi. Nikainama chini ya kitanda nikijua nitaona nini, na sikuona furushi. Mlango wa uani ulikuwa wazi.

Nikatoka kibarazani. Nadhani nilikuwa nimetulia, kwa sababu wao waliendelea kutabasamu.

"Mmesema nini leo?" nikauliza.

"Gemu, shemeji."

"Nauliza mmesema nini. Nielezeni yote, tangu mlipokaa."

Mume wangu akanitazama mara moja tu, akaweka soda chini. Alielewa kabla yao. Lakini karani wa mahakama ni mtu wa kusimulia, na alifurahi kupata msikilizaji. Akaanza. Kikongwe wa mwisho, yule mkuu wao, alikuwa amewatoroka kichuguuni. Wapagazi wamemtafuta njia nzima. Leo Mwalimu amewafichulia siri: kumbe hayuko nyikani tena, amehamia mjini, amejificha nyumbani kwa binti yake, chumba cha nyuma.

"Chumba cha nyuma," nikarudia.

"Ee! Mwalimu ana kipaji huyu. Basi tukapanga. Hisabati akasema mmoja akae dirishani asije akaruka. Fundi akasema tuingie kwa mlango wa uani. Mimi nikasema, jamani, asipewe nafasi ya kusema, maana akifungua mdomo analoga. Tumalize akiwa amelala."

"Wewe wa mahakamani ndiye uliyesema asipewe nafasi ya kusema?"

Akacheka, akidhani ni utani. "Halafu ikabaki shida ya binti. Binti tunamfanyaje? Fundi akasema tuzungumze naye, na yeye amemchoka huyu bibi, anamtia nuksi. Tukarusha dadu kuona kama atakubali kutufungulia mlango."

"Ikawaje?"

"Akakubali, shemeji! Dadu ilianguka vizuri ajabu, tukashangilia mpaka..."

Hakumaliza. Sikumbuki vizuri nilichokifanya kwanza. Najua meza ilipinduka, chupa zikavunjika, na dadu zao zikaenda mpaka kwenye mtaro. Najua nilimwambia karani kwamba kama hivyo ndivyo wanavyohukumu kule kwake basi Mungu awasaidie wenye kesi. Nilimwambia fundi simu amwite mama yake mzazi aje arushiwe dadu. Majirani walitoka. Mwalimu wa hisabati alikuwa anasema, "Shemeji, ni mchezo, shemeji, ni mchezo tu," na mimi nikamuuliza mama yangu yuko wapi kama ni mchezo. Mume wangu alikuwa tayari anavaa viatu.

"Wewe kaa hapa," nikamwambia. "Akikuona wewe atakimbia."

Alikaa. Alikuwa analia. Sikumhurumia hata kidogo, na mpaka leo nikikumbuka machozi yale simhurumii.

Nilipanda bodaboda mpaka stesheni. Sikuwaza mahali pengine. Mama basi linamtapisha, na njia anayoijua ni ile ya reli ya Mwanza, inayomshusha Bukene. Treni ilikuwa ya kesho yake. Watu wa mbali walikuwa wameshaanza kukusanyika na magunia yao na kuku wao. Nikapita kati yao natafuta kanga yake. Nilimkuta kwenye pembe, ameukalia mzigo wake, ameielekeza sura ukutani, kanga ameivuta mpaka kwenye nyusi kuyaficha macho.

"Mayu," nikamwita.

Akageuka. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, kushoto, kulia, akahesabu watu waliokuwa karibu nami.

"Umekuja na nani?" akauliza.

"Peke yangu."

"Na wale?"

"Wako nyumbani. Mayu, sikiliza, ulichosikia sicho."

"Nilisikia na masikio yangu. Mimi si kiziwi." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya adabu, kama mtu anayezungumza na askari. "Walisema yuko chumba cha nyuma kwa binti yake. Walisema mmoja akae dirishani, na kweli nikaona kivuli kwenye pazia. Shemejio yule mwenye sauti nene akasema nisiulizwe. Nikasema ngoja kwanza, mwanangu atarudi, atawakatalia. Halafu wakasema binti amekubali. Wakapiga makofi."

Nilipiga magoti pale sakafuni, mbele ya magunia ya watu, nikamweleza. Nilieleza vibaya. Nilisema kuna kitabu, kuna msafara wa uongo, kila mtu ana mtu wake wa kubuni, na kikongwe yule ni wa karatasi. Nilisema kukubali kwa binti kuliamuliwa na kijiwe kinachorushwa mezani, siyo na mimi, mimi nilikuwa dukani nashona. Nilijisikia navyosema na hata mimi nisingeyaamini. Abiria walianza kutusikiliza. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaniacha nimalize, jambo ambalo kwao hakufanyiwa.

"Huyo bibi wa karatasi," akasema, "alifanya nini?"

"Hakufanya kitu, mayu."

"Hakuua mtoto? Hakufunga mvua?"

"Wanasema ndivyo alivyo tu. Kazaliwa hivyo."

Akatikisa kichwa taratibu, akikubali, kama nimemtajia mtu anayemfahamu. "Na Bukene walisema hivyo hivyo," akasema. "Nao hawakuwa wanacheza."

Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa anarudi huko huko kwenye panga. Nililia sasa, nikimuuliza kwa hasira, maana hasira yote niliyokuwa nayo kwa wale wanaume ilikuwa imebaki bila pa kwenda. Akanijibu bila hasira yoyote. "Kule wanaonitaka nawajua kwa sura," akasema. "Najua nani nimpe mgongo na nani nisimpe. Kwako sikujua."

Nilimwomba. Nilimwapia kwa jina la baba yangu kaburini. Mwishowe akanyanyuka, akaniachia nibebe furushi. Sikujua kama ameniamini au amechoka kukaa kwenye saruji, na sikuthubutu kumuuliza. Tulipofika nyumbani kibaraza kilikuwa kimefagiliwa. Wale watatu walikuwa wameondoka, na hawajakanyaga kwangu tena. Nasikia wanaendelea kucheza nyuma ya duka la fundi simu. Waendelee. Nikikutana na yule karani sokoni navuka upande wa pili, nisije nikamrushia nyanya.

Mume wangu alikuwa amesimama ukumbini, amempa mgongo mlango wa chumba cha nyuma kama mila inavyotaka. Akaniambia, "Mwambie mama namwomba radhi."

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu.

Alijua hawezi. Alibaki pale, anaukodolea macho ukuta wa mbele, na nyuma yake mama akiwa ameketi kitandani anasikia kila kitu. Safari hii sikupeleka neno la mtu. Baadaye alituma wazee kutoka Urambo na mbuzi, kama inavyopasa mtu aliyemkosea mkwe, na mama aliwapokea kwa adabu zote, akasema yamekwisha. Kitabu sijui alikipeleka wapi. Aliwahi kujaribu kunieleza kwamba hakukusudia, kwamba alikosa mwisho wa hadithi na kile cha chumba cha nyuma kilimjia tu kichwani wakati wenzake wanamsubiri. Nikamwambia ndiyo maana sitaki kukaa naye chumba kimoja akiwa anasimulia. Kimetoka wapi kichwani mwake, kama hakikuwa kimekaa humo tangu siku aliyombebea mama mzigo?

Lakini hilo ni langu na yeye, na tutalimaliza tukiwa hai. Nilitaka kusema la siku iliyofuata, Jumapili.

Nilirudi kutoka kanisani nikapika mwenyewe. Nilisonga ugali wa mtama kwa vile ndio anaoupenda, nikaunga nsansa kwa karanga, yale majani makavu ya kunde ambayo alikuja nayo mwenyewe kutoka kwake. Nikaingiza sinia chumbani, nikakaa naye chini kwenye mkeka, sisi wawili. Nikamnawisha mikono. Akasali, sala ndefu kama kawaida yake, akasema amina. Kisha akaiweka mikono mapajani.

Huku kwetu ukimkaribisha mtu pombe au togwa, unaonja wewe mwenyewe kwanza, mbele yake, aone hujamwekea kitu. Ni kwa mgeni hiyo, na kwa mtu mliyewahi kukosana naye. Mama hamfanyii mwanawe, wala mtoto hamfanyii mamaye. Nilikuwa sijawahi kuona.

"Kula, mayu, kitapoa," nikamwambia.

"Anza wewe," akasema.

Nikamega tonge, nikachovya, nikatia mdomoni. Nilitafuna kwa shida. Alinitazama kwa yale macho yake mpaka nikameza, akangoja kidogo tena, ndipo akanyoosha mkono kwenye sinia.